Kodi au Pango? Jinsi Wilaya Ndogo ya Shule Inavyoongozwa na Kulipiwa Vermont

Mabibi na mabwana, wazazi wenzangu, habari za jioni.

Lugha yetu ina neno moja linalotuchanganya kila Machi, nalo ni kodi. Aliyepanga chumba analipa kodi. Mwenye nyumba naye analipa kodi. Wa kwanza anampelekea mwenye nyumba wake, wa pili anaipelekea serikali, na sisi tunaviita vyote kwa jina hilohilo. Basi karibu na siku ya kupigia kura bajeti ya shule, maneno yanaenea kanisani, msikitini na kwenye magrupu ya WhatsApp: "Bajeti ikipita, kodi itapanda." Kodi ipi? Ya nani? Leo nitasema pango nikimaanisha ya mpangaji, na kodi nikimaanisha ya serikali. Tukizitenganisha hizo mbili, mengine yatafunguka yenyewe.

Kwanza tujue wilaya ya shule ni kitu gani. Kwa aliyetoka Kigoma au Dodoma, wilaya ni eneo lenye mkuu wa wilaya na polisi, na shule ni jambo moja kati ya mengi yaliyo chini yake. Marekani sivyo. Wilaya ya shule ni serikali ndogo inayojitegemea, kazi yake ni shule tu. Ina bodi yake na bajeti yake, na meya hawezi kuiamrisha. Winooski, mji wa hapa katika jimbo la Vermont, ni mfano mzuri kwa udogo wake. Mji wote una eneo la maili za mraba zisizofika 2. Sensa ya 2020 ilihesabu watu karibu 8,000. Watoto wa chekechea hadi darasa la 12, mia nane na ushei, wanasoma kwenye uwanja mmoja, Mtaa wa Normand. Ni wilaya pekee ya Vermont ambayo wanafunzi weupe si wengi wake, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazosikika kwenye korido zake.

Wilaya hiyo inaongozwa na bodi ya watu 5 waliochaguliwa kwa kura. Tusiifananishe na kamati ya wazazi. Kamati tulizozizoea, iwe kamati ya shule Tanzania au komite ya wazazi Kongo, zinachangisha na kushauri, huku mwalimu akipangwa na serikali au akiletwa na kanisa. Kenya mwalimu ni wa tume ya taifa. Hapa mwalimu ni mwajiriwa wa wilaya, na mkataba wake unajadiliwa kati ya bodi na chama cha walimu. Bodi inaandika sera, inapanga bajeti ya kupelekwa kwa wapiga kura, na inamwajiri mtu mmoja wa kuendesha kila kitu, superintendenti. Kuanzia hapo kwenda chini, wakuu wa shule, walimu, madereva na wapishi, amri za kila siku ni za superintendenti.

Kinachowapoteza wengi ni kudhani kwamba mjumbe mmoja wa bodi ana mamlaka. Hana. Mamlaka ni ya bodi ikiwa imekaa kikao halali, tena kwa kura ya wengi. Ukimkuta mjumbe dukani ukamweleza kwa kirefu jinsi mtoto wako alivyofukuzwa darasani, umejidhuru. Shauri hilo likikatiwa rufaa hadi kwenye bodi, mjumbe huyo huenda akalazimika kutoka chumbani kwa kuwa amekwisha kusikia upande mmoja. Njia ni mwalimu, halafu mkuu wa shule, halafu superintendenti, na bodi mwisho kabisa.

Vikao vya bodi viko wazi kwa sheria ya jimbo. Ajenda ya kikao cha kawaida itangazwe angalau saa 48 kabla, na muhtasari utolewe ndani ya siku 5. Mwananchi ana haki ya kupewa nafasi ya kusema. Bodi inaweza kujifungia kwa mambo machache, kama mazungumzo ya mikataba, habari za mfanyakazi au za mwanafunzi, lakini uamuzi wenyewe lazima urudi ukumbini upigiwe kura mbele ya watu. Mkalimani ombeni siku kadhaa mapema. Kumwomba mlangoni saa 12 jioni ni kumtia mtu wa ofisi katika majaribu.

Sasa fedha. Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu Vermont haifanani na majimbo mengine, na hata wenyeji wengi waliozaliwa hapa wanaielezea visivyo.

Zamani kila mji wa Vermont ulisomesha watoto wake kwa kodi ya majengo yake. Mji wenye milima ya kuteleza kwenye theluji na nyumba za mapumziko za matajiri ulitoza kiwango kidogo tu ukapata fedha tele. Mji wa wakulima ulitoza kiwango kikubwa na kuambulia kidogo. Mwaka 1997, tarehe 5 Februari, Mahakama Kuu ya Vermont ikatoa hukumu katika kesi ya Brigham, iliyobeba jina la mtoto wa shule kutoka kijiji cha Whiting. Mahakama ikasema mpango huo unawanyima watoto nafasi sawa ya elimu, kinyume na katiba ya jimbo. Bunge likatunga Sheria namba 60 mwaka huohuo, na miji ya matajiri ikalalamika sana, maana fedha zake zilianza kuvuka mipaka.

Tangu hapo kuna mfuko mmoja wa elimu wa jimbo zima. Ndani yake zinaingia kodi za majengo kutoka kila mji, kodi yote ya mauzo, ile asilimia 6 unayoiona kwenye risiti, sehemu ya kodi ya hoteli na migahawa, sehemu ya kodi ya kununua gari, na faida ya bahati nasibu. Kwa hiyo mpangaji asiyemiliki hata tofali moja naye anachangia shule kila anaponunua simu au kula mgahawani. Asiambiwe na mtu kwamba haimhusu.

Katika majimbo mengi, serikali huamua kila mtoto apewe kiasi gani, na wilaya ikitaka zaidi inajiongezea. Vermont inakwenda kinyume chake. Wapiga kura wa wilaya wanaamua watumie kiasi gani, mfuko wa jimbo unalipa kiasi hicho, halafu kiwango cha kodi ya wenye nyumba wa wilaya hiyo kinawekwa kulingana na matumizi kwa kila mtoto. Kodi inayokusanywa Winooski haibaki Winooski. Shule inaletewa fedha na jimbo kwa mafungu, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai.

Natumia wilaya ya kubuni ili hesabu ziwe nyepesi, ila vipimo vya jimbo ni vya kweli, vya mwaka wa fedha ulioishia Juni 2025.

Bajeti ni dola milioni 20. Toa kwanza fedha zenye chanzo chake: ruzuku za serikali kuu ya Washington, fungu la elimu maalumu, na mengineyo. Tuseme ni milioni 5. Imebaki milioni 15, na hiyo ndiyo inayoamua kodi. Igawe kwa idadi ya wanafunzi, lakini wanafunzi waliohesabiwa kwa uzito, nitaeleza punde. Tuseme 1,200. Unapata dola 12,500 kwa kila mmoja. Sasa igawe kwa kigawanyo cha jimbo, namba moja kwa wilaya zote, ambayo mwaka ule ilikuwa 9,893. Unapata 1.26, yaani dola 1.26 kwa kila dola 100 za thamani ya nyumba.

Bado. Kitabu cha mji kinaweza kuonyesha nyumba ina thamani ya 250,000 wakati sokoni inauzwa kwa zaidi ya 300,000, kwa kuwa mji haujathamini nyumba upya miaka mingi. Jimbo linalinganisha bei za mauzo ya miaka 3 na kitabu cha mji, linapata uwiano. Ukiwa 0.80, kiwango kinagawanywa kwa 0.80, kinakuwa karibu 1.58. Kwa nyumba iliyoandikwa 250,000, kodi ya shule inafika dola 3,948 kwa mwaka.

Tuzichezee namba hizi kidogo. Wapiga kura wamekasirika, bodi inakata dola 300,000, ambazo kwa mishahara na bima zinaweza kuwa walimu watatu hivi. Kodi ya nyumba ile inashuka hadi karibu 3,870. Umeokoa dola 79 kwa mwaka. Sasa rudisha walimu wote, usiguse bajeti hata senti, lakini bei za nyumba zimepanda na uwiano umeshuka kutoka 0.80 hadi 0.72. Kodi inaruka hadi 4,387. Imeongezeka dola 439, na shule haijanunua hata penseli ya ziada.

Ndiyo maana mtu anaweza kuishambulia bodi kwa jambo ambalo bodi haikulifanya. Uwiano unatokana na soko la nyumba. Kigawanyo kinatokana na matumizi ya wilaya zote za jimbo: wenzenu wakitumia zaidi, ninyi mnalipa zaidi hata mkijibana. Bima ya afya ya walimu inajadiliwa kwa jimbo zima, si wilaya kwa wilaya, na katika msimu wa bajeti wa 2024 ilipanda kwa zaidi ya asilimia 16 kwa mkupuo. Katika kikao cha bajeti, swali la "kwa nini kodi imepanda?" halitakupa jibu la maana. Uliza: katika ongezeko hili, senti ngapi zimetokana na matumizi yetu, ngapi na uwiano wa nyumba, ngapi na kigawanyo cha jimbo? Meneja wa fedha aliyejiandaa analo jibu kwenye karatasi moja. Asipokuwa nalo, hapo pana la kuuliza zaidi. Na kwa wanaopenda kukokotoa wenyewe: kuanzia mwaka wa fedha 2026 uwiano wa mji unalinganishwa kwanza na wa jimbo zima, kwa hiyo msichukue karatasi ya zamani mkaibandika kwenye mwaka mpya.

Sasa uzito. Mtoto anayejifunza Kiingereza anahitaji mwalimu wa ziada, na mtoto wa familia maskini anahitaji msaada ambao wa tajiri hauhitaji. Sheria inakubali hivyo kwa kumhesabu zaidi ya mtoto mmoja. Kwa miaka mingi anayejifunza Kiingereza aliongezewa 0.20 na mtoto wa kipato cha chini 0.25, namba ambazo hazikuwa na utafiti wa kueleweka nyuma yake. Utafiti uliongozwa na Chuo Kikuu cha Vermont, ukatoka majira ya mwisho wa 2019, na Sheria namba 127 ya 2022 ikabadilisha: Kiingereza 2.49, kipato cha chini 1.03, darasa la 9 hadi 12 ni 0.39. Mtoto aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ameingia darasa la 10, familia haina kitu, anahesabiwa 1 na 0.39 na 1.03 na 2.49, jumla 4.91. Kwa uzito wa zamani hakufika 1.6.

Wengi wanateleza hapa. Wanasema, "Watoto wetu wanaletea wilaya fedha mara tano, mbona hatuzioni?" Uzito hauleti hundi. Unaongeza namba ya chini katika kugawanya, matumizi kwa kila mtoto yanaonekana madogo, na kiwango cha kodi kinashuka. Kwa maneno mengine, wilaya inaweza kutumia zaidi bila kuwaumiza wenye nyumba wake. Kuitumia nafasi hiyo kuajiri walimu wa lugha, au kuiacha ishushe kodi, ni uamuzi wa bodi na wa wapiga kura. Kama hakuna mtu ukumbini anayesema "waajirini walimu," msishangae nafasi hiyo ikimezwa na punguzo la kodi.

Na hesabu hii ina mitego miwili. Wanafunzi wanahesabiwa katika kipindi maalumu, siku ya 11 hadi ya 30 ya masomo, na wastani wa miaka miwili ndio unaotumika. Familia iliyomchelewesha mtoto kwa kuwa bado inahama nyumba, ikamwandikisha Oktoba mwishoni, mtoto wake hamo katika hesabu ya mwaka ule. Kusoma atasoma, gharama yake ipo, ila hesabu imempita. Mtego wa pili ni karatasi ya kipato. Tangu Sheria namba 64 ya 2023, chakula shuleni ni bure kwa kila mtoto, tajiri na maskini, bila kujaza fomu. Jambo jema. Lakini zamani fomu ya chakula ndiyo iliyokuwa ikimtambulisha mtoto wa kipato cha chini. Sasa jimbo lina fomu nyingine ya kutangaza kipato, inayokuja mwanzo wa mwaka pamoja na karatasi kumi nyingine, na wengi wanaitupa wakisema chakula si bure?

Turudi kwenye wilaya yetu ya kubuni. Familia za watoto 40 wa kipato cha chini hazikurudisha fomu. Arobaini mara 1.03 ni 41.2, na hesabu ya uzito inashuka kutoka 1,200 hadi 1,158.8. Kodi ya nyumba ile ya 250,000 inapanda kwa dola 140. Fomu 40 zilizosahaulika kwenye mikoba ya watoto zinamgharimu mwenye nyumba karibu mara mbili ya anachookoa kwa kufukuza walimu watatu. Fomu hiyo haiulizi hati zako za uhamiaji. Ijazeni, na jirani asiyesoma Kiingereza msaidieni.

Yaliyotokea 2024 yanaonyesha kinachotokea hesabu hizi zikichezewa. Sheria ya uzito mpya ilikuwa na kinga: kiwango cha kodi cha wilaya kisipande zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka, mradi matumizi kwa mwanafunzi hayakuongezeka kwa asilimia 10 au zaidi. Nia ilikuwa kuwapunguzia makali waliopoteza. Lakini ukiiambia wilaya kwamba baada ya asilimia 5 gharama ni ya wengine, atajibana nani? Bajeti nyingi zilipanda hadi chini kidogo ya mstari. Wakati huohuo fedha za dharura za Uviko kutoka Washington zilikuwa zinakwisha na bima ilikuwa imepaa. Bunge likaifuta kinga hiyo Februari, siku chache kabla ya kura, na wilaya zikaruhusiwa kuahirisha. Karibu theluthi ya bajeti za shule zikaangushwa Machi. Mwishowe kodi ya majengo ikapanda kwa wastani wa asilimia 13.8, kwa muswada ambao gavana aliukataa kwa veto na bunge likampiku.

Bajeti ikianguka, shule haifungwi. Bodi inaandaa nyingine na kuitangaza, wapiga kura wanarudi, hata mara tatu au nne. Ikifika tarehe 30 Juni bila bajeti, sheria inairuhusu wilaya kukopa hadi asilimia 87 ya bajeti ya mwisho iliyopitishwa, ili iendelee. Asilimia 13 zinazokosekana haziwezi kutoka kwenye joto la majengo wala kwenye basi. Zinatoka kwa watu: wasaidizi wa darasa, wakalimani, walimu wa muziki, na walimu waliokwisha kwenda wilaya ya jirani kwa kuchoka kusubiri mkataba.

Sasa nirudi kwa mpangaji, niliyemuahidi mwanzoni. Vermont inatoza kodi ya elimu kwa viwango viwili. Nyumba anayoishi mwenyewe inatozwa kile tulichokokotoa, kinachofuata kura ya wilaya. Maduka, nyumba za mapumziko na za kupangisha zinatozwa kiwango kimoja kwa jimbo zima, ambacho mwaka ule kilikuwa dola 1.391 kabla ya uwiano wa mji. Kiwango hicho hakifuati bajeti ya wilaya yako. Basi mwenye jengo akikwambia, "Mmepigia bajeti ndiyo, kwa hiyo pango linapanda dola 100," muulize kwa adabu imekuwaje, maana kura ya mji wenu peke yake haikugusa kiwango chake. Kinaweza kupanda kwa uamuzi wa bunge au kwa uwiano wa mji kushuka. Lakini kisingizio kile si cha kweli, na kimewafanya watu wetu wapigie hapana shule za watoto wao wenyewe.

Mpangaji ana dawa yake nyingine, fomu RCC-146, ya kurudishiwa sehemu ya pango. Ni kwa aliyekuwa mkazi wa Vermont mwaka mzima, amepanga angalau miezi 6, na kipato chake hakizidi kikomo cha kaunti yake kulingana na ukubwa wa familia. Kikomo cha juu cha marejesho ni dola 2,500. Tarehe ni 15 Aprili.

Mwenye nyumba naye ana mbili: HS-122 ya kutangaza kwamba hapa ndipo anapoishi, na HI-144 ya kipato cha kaya. Zinajazwa kila mwaka, si mara moja ukanunua nyumba ukamaliza. Tarehe ni hiyohiyo, na fomu zinapokewa hadi 15 Oktoba kwa adhabu. Usipoijaza ya kwanza, nyumba yako inaangukia kile kiwango cha maduka na nyumba za kupangisha. Usipojaza ya pili, unakosa punguzo la kipato, ambalo kwa familia ya wastani ni mamia mengi ya dola, wakati mwingine maelfu. Kosa la watu wetu liko kwenye HI-144: inataka kipato cha kila anayeishi humo. Mjomba aliyekuja na kupata kazi kiwandani, binti mwenye miaka 20 anayefanya kazi dukani, wote wanaingia. Waliowaacha nje waliandikiwa barua za kurudisha fedha.

Kuhusu Washington nitasema kwa ufupi. Fedha zake ni sehemu ndogo ya bajeti, lakini zina majina: za shule zenye watoto wengi maskini, za elimu maalumu, za wanaojifunza Kiingereza, za chakula. Zikicheleweshwa, wanaoumia kwanza ni watoto hawahawa. Julai 2025 serikali kuu ilizuia zaidi ya dola bilioni 6 za nchi nzima, zikiwemo za Kiingereza, ikaziachia mwishoni mwa mwezi. Wilaya zilizokuwa zimemwajiri mkalimani kwa fungu hilo zilikaa majuma zikijiuliza zitamlipa na nini.

Majengo yana hadithi yake. Jimbo liliacha kusaidia ujenzi wa shule mwaka 2007, kwa hiyo anayejenga anakopa, na deni linaingia kwenye bajeti ileile ya walimu. Na juu ya yote kuna Sheria namba 73, iliyotiwa saini 1 Julai 2025, inayolenga wilaya kubwa zaidi na mfumo wa kila mtoto kupewa kiasi kilichopangwa na jimbo. Ikifika mwisho wake, hesabu niliyowafundisha itageuka, na huenda wilaya ya maili mbili za mraba isiwe na bodi yake. Haitaanza kesho. Ina hatua, na bunge linaweza kuibadilisha njiani. Ila wawakilishi wenu wanaijadili, na simu zao zinapokewa.

Nimalizie na kura, maana hapa kosa linaweza kumgharimu mtu uraia.

Siku ya kura ni Jumanne ya kwanza ya Machi. Bodi inaanza kupanga bajeti Oktoba na Novemba. Ifikapo 1 Desemba kamishna wa kodi anatoa barua ya makadirio ya kigawanyo. Januari bodi inapitisha bajeti na kuitangaza, kati ya siku 30 na 40 kabla ya kura. Basi anayetaka mwalimu wa ziada aende Novemba. Februari anakuta karatasi zimechapwa, na kilichobaki ni ndiyo au hapana. Anayetaka kugombea bodi anahitaji, kwa sheria ya jimbo, sahihi za wapiga kura 30 au asilimia 1 yao, namba yoyote iliyo ndogo, na fomu irudi kwa karani Januari.

Winooski iliomba wakazi halali wasio raia waruhusiwe kupiga kura za mji na za shule. Wapiga kura walikubali Novemba 2020, gavana akakataa, bunge likampiku Juni 2021, na Machi 2022 wakapiga kwa mara ya kwanza. Burlington ilifuata 2023. Montpelier inawaruhusu katika kura za jiji, si za shule. Mahali pengine Vermont hairuhusiwi kabisa.

Msio raia mna daftari lenu kwa karani wa mji, na karatasi yenu haina rais, gavana wala seneta. Jiandikisheni hapo na si penginepo. Ofisi ya leseni za magari inaandikisha wapiga kura wa daftari la jumla. Ukikaa mbele ya kompyuta yao na ukaona swali la uraia, jibu ukweli, na usitie sahihi usichokielewa. Usijaze fomu ya jumla mtandaoni, hata kama kijana mwema mwenye ubao mkononi sokoni amekuomba kwa tabasamu. Kujiandikisha katika daftari la raia kunaweza kukufungia mlango wa uraia, na kunaweza kukuondoa nchini. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Toleo la sasa linaeleza kwamba aliyepiga kihalali kura za mtaa tu, mahali wasio raia wanaporuhusiwa, anaweza kujibu hapana. Hata hivyo tunza uthibitisho wa karani kwamba ulikuwa katika daftari lile dogo, upeleke kwa mwanasheria wako kabla ya kujaza, na kama bado una shaka juu ya hati zako, kaa nje ya kura mwaka huu ukatumie dakika zako mbili za kusema kwenye kikao cha bodi cha Novemba. Kule ukumbini hawaulizi pasipoti.